Bima ya safari ndefu ya kempavani ndani ya nchi, hatua kwa hatua

Watu wengi wanaopanga kuzunguka nchi yao na kempavani kwa miezi miwili mitatu wanaanza na ramani, godoro, friji, sola, halafu bima inakuja mwishoni kabisa, mtu yuko na simu usiku anachagua ya bei ndogo, analipa, anaendelea kufunga mizigo. Inaeleweka, manake unajiambia siendi nje ya nchi, gari lina bima yake, nikiumwa hospitali zipo, sasa hiyo nyingine ya nini. Lakini kuna kitu kimoja naomba ukishike kabla ya mengine yote: kempavani mchana ni gari, usiku ni nyumba, na mikataba mingi ya bima imeandikwa kwa ajili ya kimoja tu kati ya hivyo viwili. Bima ya gari inajua ajali na wizi wa gari, haijui kwamba ndani kuna kitanda, laptopu na nguo za watu wanne. Bima ya safari inamjua mtu aliyebuku hoteli, haimjui mtu anayelala hapa leo na kesho ataona huko mbele. Pale katikati ndo watu wanaachwa, na wanakuja kujua siku wanapiga simu kuklemu, yaani kudai malipo.

Hatua ya 1: Orodhesha hasara kwanza, bima baadaye

Chukua karatasi uandike kila kitu kinachoweza kukutoa hela ukiwa njiani. Gari kugonga au kugongwa. Gari kuibiwa au kuungua. Gari kuzima tu porini bila kugonga chochote. Kumuumiza mtu mwingine au kuharibu mali yake. Wewe au mwenzio kuumia. Vitu vya ndani kuibiwa. Safari kufutwa kabla haijaanza, au kukatishwa katikati kwa sababu ya msiba au mgonjwa nyumbani. Na ile nyumba uliyoifunga nyuma yako. Mbele ya kila mstari andika ni mkataba upi utalipa, ukiwa huna uhakika acha wazi, na zile sehemu zilizobaki wazi ndo unazozifanyia kazi kuanzia hapo.

Huhitaji bima kwa kila mstari. Kiti cha kukunja kikiibiwa utanunua kingine. Ila gari likiungua lote, au ukamgonga mtu akapata ulemavu wa kudumu, hiyo ni hela ambayo familia nyingi haziwezi kuitoa mfukoni, kwahiyo anzia huko kwenye hasara kubwa na hivi vidogo vifuate kama bajeti imebaki.

Hatua ya 2: Bima ya gari lenyewe

Hapa tulia, ndo penye mambo mengi.

Thadi pati inamlipa uliyemgonga, wewe haikulipi kitu. Nchi nyingi ndiyo ya lazima kisheria kwahiyo unaweza kuwa uko halali kabisa barabarani na bado gari lako likiungua usipate hata senti. Kuna ya katikati inayoongeza moto na wizi, halafu kuna komprehensivu inayoingiza na uharibifu wa gari lako hata kama kosa ni lako. Kwa safari ndefu na gari ambalo ndilo chumba chako cha kulala mimi naona komprehensivu haina mjadala, labda gari liwe la zamani sana kiasi kwamba ukilipoteza unaweza kusimama mwenyewe.

Sasa, kama kempavani yako ilikuwa gari la mizigo ukaligeuza, waambie kampuni ya bima. Kitanda, jiko la gesi, tenki la maji, betri ya pili, sola juu ya paa, dirisha ulilokata pembeni, vyote. Bima inasimama juu ya kanuni ya nia njema, yaani anayeomba bima aseme ukweli juu ya mambo yanayobadilisha hatari, kanuni ya zamani sana ambayo mahakama ya Uingereza iliiweka wazi mwaka 1766 kwenye kesi ya Carter na Boehm. Nchi kadhaa zimeilegeza kwa wateja wa kawaida na siku hizi unachotakiwa zaidi ni kujibu maswali yao kwa ukweli na umakini, ila hakuna pahali ambapo kuficha kunakusaidia. Gari limeandikwa ni la mizigo, limewaka moto kutokana na jiko, asesa, yaani mkaguzi wa hasara wa bima, anafika anakuta mabaki ya mtungi na kabati, hapo umempa sababu ya kukataa klemu nzima au kuipunguza. Na kama kazi ya gesi au umeme ilifanywa na fundi mwenye cheti, ile karatasi yake itunze, kampuni nyingine zinaitaka kabla hata hazijakukubalia.

Halafu thamani. Umenunua gari, ukaweka ndani vitu na kazi ya fundi inayokaribia bei ya gari lenyewe, lakini kwenye fomu umeandika bei ya gari tupu ili ada iwe ndogo. Kuna kipengele kinachopunguza malipo kwa uwiano: tuseme gari lina thamani ya 100, wewe umeandikisha 60, ajali imekuletea hasara ya 20, kwa hesabu hiyo unalipwa 12 hapo bado eksesi, yaani kiasi cha kwanza cha hasara kinachotoka kwako, haijakatwa. Watu wanadhani kuandikisha pungufu kunaumiza pale tu gari linapoisha lote, kumbe na ajali ndogo inakukata. Uliza pia kama watalipa kwa thamani ya soko siku ya ajali au thamani mliyokubaliana mwanzoni. Kwa gari la kugeuzwa hii ya pili ni nzuri zaidi hata ikiwa ada iko juu kidogo, kwa sababu bei ya soko ya van ya kawaida haihesabu ile kazi yote ya mbao na nyaya. Weka picha za kila hatua ya ujenzi na risiti, ndo ushahidi wako wa thamani.

Uzito nao. Leseni ya kawaida ya gari dogo kwenye nchi nyingi inaishia kilo 3,500, na gari lenyewe lina uzito wake wa mwisho umeandikwa kwenye kibati au kwenye kadi. Maji lita 100 ni kilo 100 tayari, ongeza betri, baiskeli, turubai, watu, vyakula, unashangaa umepita. Ukiwa umejaza kila kitu kama siku ya kuondoka, nenda kwenye mizani upime. Kuendesha gari lililozidi uzito, au gari ambalo leseni yako hailifikii, ni kati ya vitu vya kwanza wanavyovitafuta baada ya ajali.

Vingine vya kukagua kwenye mkataba wa gari navitaja haraka haraka: madereva wote wameandikwa majina, manake safari ndefu lazima mpokezane usukani, na dereva kijana mara nyingi ana eksesi yake kubwa zaidi. Matumizi yameandikwa nini, ukilikodisha siku mbili tatu kwa mtu mwingine au ukabebea mizigo ya biashara umeshatoka nje ya matumizi binafsi. Gari linalala wapi, kwa sababu ada imepigwa kwa anwani ya nyumbani na wewe miezi mitatu hulali nyumbani, waambie. Kama umehama kabisa unaishi ndani ya gari mwaka mzima, hiyo ni habari tofauti na likizo, kampuni nyingine hazichukui kabisa na ni heri ujue sasa. Alamu na traka, kama mkataba umesema lazima viwepo basi viwepo na viwe vinafanya kazi. Na uchakavu, kutu, maji yanayopenya taratibu kwenye paa, injini kufa yenyewe, hivyo vyote kwa kawaida haviingii kwenye komprehensivu, kwahiyo pengo la gari kuzima porini bado liko wazi kwenye karatasi yako.

Hatua ya 3: Kama gari ni la kukodi

Ruka nusu ya hayo ya juu, mambo yako yanabadilika. Bima ya gari inakuwa ya mwenye gari, wewe unachobeba ni ile eksesi, na kwa kempavani za kukodi kiasi hicho huwa kikubwa na wanakishika kama dipoziti. Watakuuzia pale kaunta kitu cha kupunguza eksesi kwa kila siku. Zidisha kwa siku zote kabla hujasema ndiyo, kwa safari ya wiki nane inakuwa hela nyingi, na mara nyingi unaweza kupata bima ya eksesi ya kujitegemea kwa bei ndogo kutoka kwa kampuni nyingine. Tofauti ni kwamba hii ya nje utalipa kwanza wewe kwa mwenye gari halafu urudishiwe, kwahiyo hakikisha kadi yako ina nafasi ya kubeba lile dipoziti. Hakikisha pia inataja kempavani kwa jina, manake nyingi zimeandikwa kwa magari madogo tu.

Kitu muhimu kabisa kwenye mkataba wa kukodi ni orodha ya visivyolipwa hata kama umenunua kifurushi cha juu. Paa, manake watu wanasahau urefu wa gari wanaingia chini ya daraja fupi au matawi. Uvungu. Tairi na vioo. Kuweka mafuta ya aina nyingine. Kukwama mchangani. Kupita kwenye maji ya chumvi. Barabara zisizo na lami, hapa soma neno kwa neno kwa sababu wengine wanaruhusu kipande kifupi cha kuingilia kambi na wengine hawaruhusu hata hicho. Siku ya kuchukua gari piga video, zunguka lote, panda juu upige na paa, lala chini upige uvungu, mwoneshe mhudumu na uitume kwa imeili palepale ili tarehe ibaki.

Hatua ya 4: Gari kuzima na kuvutwa

Huduma ya msaada barabarani ni mkataba wake peke yake, ingawa wakati mwingine wanaiuza pamoja na bima ya gari. Maswali ni haya: wanavuta gari la urefu, kimo na uzito kama wa kwangu, kwa sababu huduma nyingi zina kikomo na brekdauni ya kawaida haiwezi kubeba kempavani ndefu. Wanavuta mpaka wapi, gereji ya karibu tu au mpaka ninapotaka. Wanafika barabara za vumbi na kambini au lazima niwe kwenye barabara kuu. Mara ngapi kwa mwaka. Na gari likivutwa watu wanaenda wapi?

Hilo la mwisho ndo linalosahaulika kuliko yote. Gari likikaa gereji siku tisa linasubiri spea, umepoteza usafiri na kitanda kwa pamoja. Tafuta kipengele cha malazi ya dharura na cha gari mbadala, angalia ni kwa usiku ngapi na kiasi gani kwa kila mtu. Ukiona kipengele cha malazi kimeandikwa usiku mmoja, jua kwamba spea ya kempavani ya zamani haifiki kwa usiku mmoja.

Hatua ya 5: Bima ya safari, na maana ya neno safari humo ndani

Fungua ukurasa wa tafsiri ya maneno, upo mwanzoni au mwishoni na hausomwi na mtu. Tafuta wanasema safari ni nini. Mikataba mingi ya ndani ya nchi inadai uwe umebuku malazi ya kulipia mapema, mara nyingi angalau usiku mbili, au uwe umefika umbali fulani kutoka nyumbani. Sasa wewe unayelala sehemu za bure na unaamua njia asubuhi, kwa tafsiri hiyo unaweza usiwe kwenye safari kabisa. Uliza moja kwa moja kama kambi inahesabika kuwa malazi, kama kukodi kempavani kunahesabika, na kama kempavani yako mwenyewe inahesabika. Wakikubali, buku hata kambi chache za mwanzo ulipie kabla, uwe na risiti.

Kitu cha pili ni urefu. Ile bima ya mwaka mzima inayosema safari nyingi utakavyo kwa kawaida ina kikomo cha siku kwa safari moja, 31 ni ya kawaida sana, nyingine 45 au 60. Siku ya kikomo ikipita mikataba mingine inakata hapo, mingine inahesabu kwamba safari nzima haikuwa na kava, yaani ulinzi wa bima, toka mwanzo kwa sababu ulipanga kukaa zaidi. Kwa miezi mitatu nunua ya safari moja ndefu yenye tarehe zako za kweli na ongeza siku chache mwishoni kwa ajili ya kuchelewa. Ukijua utachelewa zaidi omba kuongezewa kabla haijaisha, ikishaisha wengi hawaongezi.

Tatu, nunua mapema, siku ileile ulipoanza kulipia vitu visivyorudishwa, kwa sababu sehemu ya kufuta safari inaanza kukulinda toka siku ya kununua. Na mafuriko au moto wa msitu ukishatangazwa kwenye habari, ukinunua baada ya hapo tukio hilo linakuwa limeshajulikana na hawalilipi. Angalia pia ni ndugu gani wanahesabika kama akiugua ukalazimika kurudi, mikataba mingi ina wazazi, watoto, mwenza na ndugu wa tumbo moja, shangazi na binamu unaweza usiwaone humo hata kama ndiye aliyekulea.

Hatua ya 6: Vitu vya ndani ya gari

Tafuta kipengele cha vitu vilivyoachwa kwenye gari lisilo na mtu. Cha kawaida kinasema vitu vya thamani havilipwi vikiachwa kwenye gari, au vinalipwa kama vilifungiwa buti visionekane na kuna alama za kuvunja, na usiku havilipwi kabisa. Kwa mtu anayeishi kwenye gari kipengele hiki kinafuta karibu mali yote, buti lako ni uvungu wa kitanda. Njia zilizopo ni tatu: bima maalumu ya kempavani ambayo ina sehemu ya vitu vya ndani, au kuongeza kava ya vitu nje ya nyumba kwenye bima ya nyumba yako, au kukatia bima kifaa kimoja kimoja kama laptopu na kamera. Angalia kikomo cha kitu kimoja, unaweza kuona jumla ni kubwa ukafurahi kumbe kitu kimoja hakivuki sehemu ndogo tu ya hiyo jumla. Turubai, baiskeli zilizofungwa nyuma, boksi la juu ya paa na jenereta ulize kila kimoja kiko upande gani, wa gari au wa mizigo, manake vinapenda kuachwa pande zote mbili.

Hatua ya 7: Afya

Nchi yenye matibabu ya umma unaweza usihitaji bima ya matibabu, ila ambulensi na kusafirishwa kutoka sehemu za mbali mara nyingi ni gharama nyingine, na helikopta ni kitu cha kukufilisi. Kama una bima ya afya angalia inatumika mikoa yote au hospitali za orodha tu. Ugonjwa ulionao tayari, presha, sukari, pumu, utaje hata kama ada itapanda. Na jiko la gesi na hita ndani ya chumba kidogo kilichofungwa vinaweza kutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, weka kifaa cha kuitambua na cha gesi inayovuja, bima haina msaada hapo, kinachookoa maisha ni hicho kifaa.

Hatua ya 8: Nyumba uliyoifunga

Fupi tu: bima nyingi za nyumba zinapunguza au kuondoa kava ya wizi na maji nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 au 60. Wajulishe kabla hujaondoka, mara nyingi watakubali kama kuna mtu anapita kukagua na maji yamefungwa.

Hatua ya 9: Uliza kwa maandishi

Mapengo yaliyobaki kwenye karatasi yako yageuze maswali na uyatume kwa imeili, kwa wakala au kwa kampuni yenyewe. Eleza hali halisi, kwa mfano hivi: nitasafiri siku 85 na gari aina fulani lililogeuzwa kempavani, nitalala nusu kambini na nusu sehemu zinazoruhusiwa bila malipo, madereva ni wawili, laptopu zitabaki ndani tukiwa tunatembea, je tunalindwa na ni kifungu kipi. Omba namba ya kifungu. Jibu la simuni la "usijali, upo salama" halina uzito siku ya klemu, jibu la imeili lenye namba ya kifungu linao. Mkataba ukifika usome ndani ya siku za mwanzo, sehemu nyingi unaruhusiwa kuufuta na kurudishiwa hela ndani ya siku 14 kama hujaondoka wala kuklemu.

Hatua ya 10: Likitokea la kutokea

Weka namba za mikataba na simu za dharura kwenye simu mbili na kwenye karatasi moja ndani ya gari, kwa sababu sehemu zenye uzuri ndo mara nyingi hazina neti wala chaji. Likitokea, usalama wa watu kwanza, halafu picha za pande zote na za barabara yenyewe, namba za magari, majina ya mashahidi. Usikiri kosa wala kuahidi kulipa pale barabarani, toa taarifa zako na uwaachie wao wapime. Wizi peleka polisi haraka, mikataba mingi inadai ndani ya saa 24, na usiondoke bila namba ya ripoti. Piga simu ya bima kabla fundi hajagusa kitu, ukitengeneza bila idhini yao wanaweza kukataa bili. Ukilazimika kuziba dirisha au kuhamisha gari ili lisiharibike zaidi fanya, huo ni wajibu wako kabisa, ila piga picha kabla na utunze risiti na kile kipande kilichovunjika.

Kila mnachoongea kwa simu kifuatishe na imeili fupi, leo saa fulani nimeongea na kitengo cha klemu wamesema hivi. Kama mikataba miwili inagusa hasara moja itaje yote, hutalipwa mara mbili, watagawana wenyewe. Wakikupa kiasi kidogo usisaini ile karatasi ya kukubali malipo ya mwisho siku hiyohiyo, omba ripoti ya asesa, linganisha na makadirio ya gereji nyingine, jibu kwa maandishi ukitaja kifungu. Wakikataa kabisa waombe barua ya kukataa yenye sababu, pitia utaratibu wa malalamiko wa kampuni, na ukikwama hapo peleka kwa mamlaka inayosimamia bima au msuluhishi wa malalamiko ya bima, kwingi kupeleka lalamiko ni bure. Kuna muda wa mwisho wa kufungua lalamiko na unahesabiwa toka tarehe ya ile barua, kwahiyo usiiache kwenye droo ukisubiri mpaka safari iishe.